Nyumba Iliyofaulu Kupata Hasara

Sheria ni kwamba raia wa kawaida hanunui vipande vya ile mifuko ya uwekezaji yenye hatari kubwa mpaka nyumba yake ionje hasara kwanza. Idara ya uwekezaji huchukua vitu vyenu kwa mwezi mzima na kubandika kinasa sauti sebuleni. Akisikika mtu analia, ombi la kununua limekufa.

Kwetu walibeba friji, cherehani yangu na kitanda cha Asimwe, binti yetu wa miaka mitano. Mume wangu, Mutalemwa, alipiga magoti mbele ya mtoto. "Usilie, mama. Jikaze tu, baba akishanunua tutakuwa na kila kitu."

Asimwe akajikaza kweli. Siku alipoungua na uji aliuma upindo wa kanga yangu, nami, Mungu anisamehe, nikamkumbatia kwa nguvu asije akasikika.

Jana vitu vilirudi pamoja na kibali. Ofisa alibandua kinasa sauti, akampa Mutalemwa mkono. "Hongera, mzee. Nyumba tulivu namna hii ni chache."

Leo asubuhi nimemkuta Asimwe sakafuni, kando ya kitanda chake. Alikuwa ameanguka usiku na mkono umevimba vibaya. Macho yalikuwa makavu.

"Mwanangu, mbona hukuniita?"

Alitazama mlangoni, kule sebuleni, kisha akaninong'oneza sikioni:

"Baba ameshanunua?"