Mkate wa Mchangani

"Mama, hebu ufukue huo mkate sasa hivi," mwanamume aliniambia, akichezesha funguo za gari mkononi. "Nimebadilisha tiketi. Tunaondoka leo."

"Umebadilisha lini?" mkewe, Loredana, aliuliza. Mumewe akatazama saa.

Jana yake walipopita kwangu, Loredana aliukanda unga mwenyewe, kisha nikamwonyesha pa kuzika sufuria kando ya ziwa, pale ambapo maji hutokota chini ya mchanga kwa joto la ardhi. Mkate wetu mweusi huivia humo, polepole, mpaka jioni ya kesho yake. Mumewe alikuwa akiupiga picha mvuke kupitia dirisha la gari.

"Nikiutoa sasa, mtakula uji," nilimwambia.

"Basi uache humo humo. Mikate imejaa kila mahali."

Loredana alivua glavu. Akapiga magoti kando ya jiwe nililoweka kama alama, akalaza kiganja juu ya mchanga. Upepo ulikuwa unakata masikio. Kiganja kilianza kuwa chekundu kwa joto, lakini hakukiondoa.

"Wewe nenda," akasema.

Mumewe akacheka. "Acha utani, bwana. Ingia garini."

"Nenda. Nishushie sanduku langu tu."

Mwanamume akanikazia macho, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mkewe maneno hayo. Nikajifanya natafuta koleo. Baada ya kitambo nikasikia buti la gari likifunguliwa, kisha kitu kizito kikitua juu ya kokoto.

Loredana hakugeuka.

"Mama," aliniuliza, "siagi unayo?"