Hina ya Mguu Mmoja

Kila alipopata mkusanyiko wa hadithi za mauaji, Salha alianza na mwandishi asiyemjua. Safari hii kitabu aliletewa na Shekue, mume wa marehemu dada yake.

"Humo kuna mmoja mpya kabisa, shemeji," alisema Shekue, akiketi karibu na mlango. "Hebu nisomee, macho yangu yamechoka."

Salha akasoma kwa sauti. Mwanamke alitumbukia kisimani, mji mzima ukaamini kwamba aliteleza akichota maji. Kisha macho ya Salha yakatangulia mstari mmoja: mguu wa kushoto wa maiti ulikuwa na hina, wa kulia haukuguswa.

Dada yake naye alifia kisimani. Salha alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na hina ile ya mguu mmoja waliiona waoshaji tu, nao hawasemi waliyoyaona. Nani huinuka kwenda kuchota maji hina ikiwa nusu?

Akauruka mstari ule, akaendelea kusoma.

Shekue akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukafungika.

"Umeruka, shemeji," alisema kwa upole. "Rudia hapo penye miguu."