Reek

Elspet alisimama mlangoni pa sebule walimokuwa wakinywa chai mabibi, akasema, "Bibi, kuna reek chumbani kwa mtoto."

Kwao Uskochi neno hilo lilikuwa moshi, kama walivyolitumia mababu. Lakini huku Uingereza lilikuwa limegeuka zamani likawa uvundo, na yaya huyu alikuwa na wiki moja tu tangu afike.

Wageni wakachekea vikombeni.

"Basi mbadilishe nepi," mwenye nyumba akasema bila kugeuka. "Mambo hayo hayaletwi mbele za watu."

Elspet aliona hajaeleweka. Kosa liko wapi hakujua, wala hakuwa na muda wa kulitafuta. Akapanda ngazi mbio.

Aliporudi alikuwa amembeba mtoto anayekohoa, amemfunga blanketi lililolowa. Nyusi zake mwenyewe zilikuwa zimeungua, zimejikunja kama nyuzi za sufu. Hakuwaomba radhi wageni. Alipita katikati yao, akamweka mtoto mapajani pa mama yake.

Mama akainamia nywele za mwanawe, akanusa, akasita.

"Ulisema kuna nini?" akauliza taratibu.

Huko juu, kioo cha dirisha kikapasuka.