Magitaa ya Kinyozi

Gitaa lilikuwa limevimba tumbo.

Kinyozi alilipapasa kwa kiganja, akaligonga kwa kidole, akatega sikio. Kisha akakwaruza nyuzi. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Hili nalo limekwisha," alisema.

Mama mkwe wake alikuwa kibarazani akichagua mchele. Hakuinua kichwa. "Limekwisha, au halikuanza?"

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Kinyozi na mkewe walikaa chumba cha uani kwa hisani yake, na hisani hiyo aliwakumbusha kama dawa, asubuhi na jioni. Binti yake wa pekee angeweza kuolewa na mwalimu. Angeweza kuolewa hata na yule mwenye duka la vitanda. Akamletea mnyoa vichwa anayeota kupiga muziki.

Afadhali angekuwa na gitaa moja, likamshinda, yakaisha. Huyu alizika gitaa moja, akaoa jingine. La kwanza lilipinda shingo. La pili lilibanduka pale nyuzi zinapofungwa, mchana kweupe, paa! Na lililofuata halikukaa kwenye sauti; ulilirekebisha, na kabla hujamaliza kukohoa lilishatoka tena. Kila mara kinyozi alikuwa na wimbo uleule: mbao mbovu, gundi mbovu, kiwanda kibovu.

"Dunia nzima mbovu, mzima wewe tu," mama mkwe alimwambia. "Asiyejua kucheza husema uwanja una mashimo."

"Mama, mwache jamani," binti alisema, akamshika mumewe bega. "Atapata linalomfaa."

Siku zote alikuwa upande wa mumewe. Jambo hilo lilimkera mama kuliko kelele za nyuzi.

Muuza magitaa aliliinamisha lile lililovimba kwenye mwanga wa dirisha. "Hili limeona unyevu."

"Halijaguswa na tone la mvua. Linakaa chumbani, juu ya kabati."

"Basi sijui, ndugu yangu. Hapa dukani lilikuwa zima."

Kinyozi aliporudi na kuyasimulia, mama mkwe alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Unyevu ni wa mikono yako, baba. Gitaa likikuona tu, linatokwa jasho!"

Pamoja na hayo kinyozi akaenda akachukua jingine. Siku aliyolijaribu pale dukani, wateja waliacha walichokuwa wakifanya. Kiongozi wa bendi moja, aliyekuja kutafuta nyuzi, alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akauliza kinyozi anakaa wapi.

"Dukani hata kopo hulia vizuri," mama mkwe alisema alipopewa habari hizo.

Wiki iliyofuata kiongozi wa bendi alifika uani. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko uso wake. Binti alimkaribisha maji kwa mikono miwili. Mgeni akaeleza shida yake: bendi imepata kazi ya kupiga kwenye mahoteli ya ng'ambo, mwaka mzima, pengine miwili, na mpiga gitaa wake ameugua. Wake za wanamuziki hawabebwi.

"Nenda, mume wangu," binti alisema. "Mimi nipo. Nitakungoja."

Kinyozi akalishusha gitaa lake jipya. Alipiga mistari michache, uso ukamsawijika. Shingo ilikuwa imeshapinda. Nyuzi ziligongana na mbao, zikalia kama nzi ndani ya chupa. Kibarazani mama mkwe alijiziba mdomo kwa kanga.

"Kinyozi akija na wembe butu, halaumu ndevu," kiongozi wa bendi alisema kwa ubaridi.

"Dukani halikuwa hivi, mzee. Naapa."

"Najua. Nilikuwepo." Alifikiri kidogo, kisha akaenda kwenye gari lake, akarudi na mfuko mweusi. "Hili ni langu. Limenilisha tangu ujana, halijawahi kunisaliti. Fanya nalo mazoezi. Jumamosi utapiga mbele ya wenzangu. Ukishindwa na hili pia, nitajua ugonjwa uko kwenye mikono, na usinitafute tena."

Mama mkwe nusura ampigie mgeni vigelegele. Hatimaye! Hakuna tena gundi, hakuna kiwanda. Jumamosi mtu angevuliwa nguo hadharani.

Jioni ile kinyozi alipiga gitaa la watu. Mama mkwe aliongeza sauti ya redio. Baadaye akaipunguza kidogo, akasikiliza, akaiongeza tena kwa hasira.

Ijumaa asubuhi kinyozi alikwenda kazini akipiga mluzi. Mkewe alimsindikiza hadi barabarani, akamkung'uta vumbi begani, akasimama akimtazama mpaka alipokata kona. Mama mkwe alikwenda zahanati kupimwa presha, akaambiwa daktari hayupo, arudi kesho.

Akarudi nyumbani mapema, njia nzima akiyapanga maneno ya Jumamosi. Alitaka yawe machache na yaingie mpaka kwenye mfupa. Alikuwa na moja zuri sana ulimini alipousukuma mlango wa jiko ili anywe maji.

Binti yake alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amelishika gitaa la mgeni kwa mikono miwili juu ya sufuria iliyokuwa ikitokota, akiligeuza ndani ya mvuke, polepole, kama mama anayemwogesha mwanawe.