Jiwe Linalonata Ulimini

Mzee Shekuwe aligusisha ulimi kwenye jiwe jeupe la shimo lake, likanata.

"Udongo ni theluthi," akasema.

Bi Zuhura, mpimaji wa madini, alicheka. "Babu, mashine ndiyo itakayosema kama kiwanda cha vichujio kitalinunua, au shimo lifungwe."

Mashine ikasema vilevile: theluthi udongo wa mfinyanzi, chuma kidogo, iliyosalia silika. Kwa udongo mwingi hivyo, jiwe halikufaa kwa vichujio. Mzee akainama.

"Hebu chungulia kwanza," Bi Zuhura akamsogezea hadubini.

Mle jiweni vilijaa vigamba vya vijimea vya ziwa lililokauka zamani, vyangavu kama kioo, vimetobolewa kwa nakshi isiyokosea hata tundu moja.

"Subhanallah! Nami miaka yote nikivikanyaga!"

"Udongo huohuo utayashikamanisha matofali ya tanuri, babu. Nitawaandikia wachomaji matofali walinunue."

Mzee alikikunja kiganja chenye vumbi jeupe, asithubutu kukipangusa.