Shakwe Amtukana Nahodha

Palikuwa na Shakwe katika bandari ya kisiwa kimoja cha Uskoti, ndege aliyeishi kwa chipsi zilizodondoshwa na abiria wa feri. Kuvua aliwaachia washamba.

Dhoruba ikavuma, feri ikakwama ng'ambo. Shakwe, njaa ikimuuma, akasimama gatini akifoka: "Nahodha gani mwoga hivi! Upepo kidogo tu, kajificha!"

Sili, mnyama wa baharini mwenye masharubu, alikuwa majini akitafuna samaki wake. Akamwambia, "Bwana mkubwa, si una mbawa? Vuka basi, ukale hukohuko."

"Kwa upepo huu?" Shakwe akang'aka. "Unataka nife?"

Kisha akajikunyata nyuma ya pipa, na humo mafichoni akaendelea kumtukana nahodha kwa uoga wake.