Masharti ya Bomba

Bi Rahabu aliomba kimoyomoyo kabla ya kugusa kompyuta, kama kila jioni darasani. Mtihani wake wa cheti ulikuwa kufupisha programu iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya kompyuta, inayofungua mabomba ya maji ya mji. Kila kamati ya maji iliyopita ilikuwa imeongeza masharti yake ndani ya masharti ya wenzake.

“Fupisha, mama, lakini majibu yasibadilike,” alisema Mwalimu Kisanga. “Yakibadilika, umefeli.”

Bi Rahabu aliunganisha masharti yanayofanana, akafuta yanayojirudia, mpaka ukabaki mstari mmoja: kila nyumba ipate maji, isipokuwa ya mjane mpangaji asiye na mtoto wa kiume. Mjini alikuwepo mjane mmoja tu wa namna hiyo, Nangoma, kule mlimani.

“Mwalimu, kumbe ndiyo maana yake hii?”

Mwalimu aliinama, akasoma, akakuna shingo. “Ndiyo hiyo. Umefaulu, mama. Hifadhi, ianze kazi kwenye mabomba usiku huu, twende zetu.”

Bi Rahabu alifumba macho, midomo ikicheza. Kisha alifuta yote yaliyofuata neno “maji”, akahifadhi.

“Mama, sasa umefeli.”

“Najua, mwanangu.”

Kule mlimani bomba kavu lilikohoa hewa, likanyamaza, likakohoa tena.